Mkilua Chini ya Mshelisheli

Mavyaa wangu alihamia kwetu Kiembe Samaki na begi moja la nguo, msala wake, na ndoo kuukuu ya rangi iliyojazwa udongo. Ndani ya ndoo mlikuwa na kijiti kilichofika magotini, chenye majani machache ya kijani kizito. Begi alimwachia mume wangu, yaani mwanawe, alibebe. Ndoo hakumpa mtu. Alishuka nayo garini kaikumbatia, na mimi nikamshika kiwiko nimwongoze pa kukanyaga, maana wakati huo macho yake yote mawili yalikuwa yameshaingia ukungu.

"Shikamoo mama. Nipe hiyo nikupokee."

"Marahaba mwanangu. Huu ntaubeba mwenyewe. Wewe nambie kivuli kiko wapi."

Kijiti kile kilikuwa mkilua. Kwa asiyeujua, mkilua ni mti mdogo wa vichakani, wa huko kwao Makunduchi na sehemu nyengine zenye mawe na miti ya kufunika. Hauna haraka. Unaweza ukakaa miaka unatoa jani moja moja, huku wewe uliyeupanda unazidi kuzeeka. Lakini ua lake likishatoka, hakuna mwanamke wa Unguja asiyelitaka. Tunalitia nywelini, tunalifunga kwenye pindo la kanga, tunalilaza sandukuni kati ya nguo za harusi, na hata likikauka likawa jeusi kama ganda la karafuu bado linanukia. Mama mmoja mtaani kwetu husema asumini ni ya kila siku, kilua ni cha siku yake.

Mimi nimezaliwa Michenzani, ghorofani. Nilikulia mahali ambapo ukitaka kupanda kitu unakipanda kwenye kopo la maziwa na kulitundika dirishani. Kabla ya hapo sikuwahi kupanda mti hata mmoja. Vilua nilivijua vya kununua tu, vimeshachumwa, vimefungwa kwenye jani la mgomba. Kwa hiyo mavyaa aliponiambia siku ile ile ya kwanza kwamba mti ule utakuwa mikononi mwangu kwa sababu yeye haoni, nilicheka kidogo na kumwambia atafute mwengine.

"Mwengine nani?" akaniuliza. "Mwanangu anakwenda kazini alfajiri. Wewe uko hapa na cherehani yako."

Ndivyo ilivyokuwa. Mimi ni mshoni wa mabuibui. Nafanya kazi chumba cha mbele, dirisha linaangalia barazani, na tangu siku ile mavyaa akawa anakaa pale barazani kutwa nzima, hatua chache tu kutoka kwangu, akisikiliza mashine inavyokwenda. Nikisimamisha, ananiita.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Hebu katazame mti, kisha uje unambie."

Mwanzoni nilikuwa narudi na kumwambia, "Haujambo." Hakuridhika na jibu hilo hata mara moja. Alitaka kujua jani la juu limelala au limesimama. Alitaka kujua rangi yake, kama ni kijani cha mnazi au kijani cha mgomba. Alitaka niingize kidole kwenye udongo nimwambie unyevu umeishia kwenye kiungo gani. Bila kutaka nikawa natazama. Siku moja nikagundua kwamba nimesimama pale kwa muda mrefu bila ya kutumwa na mtu, na chai yangu imeshapoa.

Mume wangu ndiye aliyetaka tuupande mbele ya nyumba, karibu na ngazi, ili mama aupate kwa urahisi. Tukaupanda hapo. Jua la Kiembe Samaki likaula. Majani yakaanza kukauka kwenye ncha, yakawa kama karatasi iliyounguzwa na pasi, mpaka ukabaki na majani mawili tu. Nilimwambia mavyaa ukweli. Akauliza nyuma ya nyumba kuna nini. Nikamwambia kuna mshelisheli mkubwa, na chini yake kuna kuku na kamba ya kuanikia nguo.

"Basi kuku wahame," akasema.

Kuku wakahama. Tuliung'oa mti jioni jua lilipokwisha nguvu, mimi na yeye. Alipiga magoti na kuchimba kwa mikono yake miwili, akizunguka mizizi taratibu, na mimi nikawa namwambia kulia, kushoto, hapo hapo. Tukauweka chini ya mshelisheli, tukautilia samadi ya mbuzi na majani yaliyooza. Maji ya kisima chetu yana chumvi, hivyo nikawa nautilia maji ya kuoshea mchele na maji ya mvua nikiyapata. Baada ya muda likachomoza jani jipya, jororo, lenye rangi ya shaba. Nilitoka uani mbio kwenda kumwambia, nikajikwaa kizingitini, na kabla sijasema kitu yeye akasema, "Limetoka."

"Nani kakwambia?"

"Miguu yako."

Siku moja wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja kutoka Makunduchi kumtazama mama yake. Wakati huo tulikuwa tumeshampeleka kwa daktari, naye alisema ni mtoto wa jicho, ni kitu kinachotolewa, na watu wengi wanaona tena. Mavyaa alimsikiliza daktari kwa adabu, akamshukuru, akarudi nyumbani na kusema haendi kokote. Wifi yangu akaanza kumbembeleza. Mume wangu naye akamsaidia. Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka, tumeshakula, na yeye mavyaa anakunja kitambaa cha mkono, anakikunjua, anakikunja.

"Mama, si maumivu," wifi akasema. "Wanatia dawa, husikii kitu."

"Jicho halichezewi."

"Sasa utakaa hivi mpaka lini?"

Mavyaa akaliweka lile kunjo la kitambaa pajani. "Haya. Sikilizeni niwape nadhiri yangu. Mkilua wangu ukitoa ua hapa Kiembe Samaki, siku hiyo hiyo ntakubali. Usipotoa, mtu asinifuate tena na habari za visu."

Wifi akatazamana na kaka yake, wakakata tamaa pale pale. Wao wamekulia na mikilua. Walijua kwamba mti wa umri ule ungehitaji miaka kutoa ua, tena ikiwa utakubali udongo, tena ikiwa hautakufa. Waliona mama yao kafunga mlango na kutupa ufunguo kisimani. Mimi sikuona hivyo. Mimi nilitazama nje kupitia mlango wa jikoni, nikauona mti umesimama chini ya kivuli na majani yake mapya, na moyo wangu ukaanza kwenda mbio kama mtu aliyeitwa kwenye mashindano.

Kuanzia hapo nikawa sishikiki. Nilikuwa naamka, nasali, na kabla ya kuweka chai naenda uani. Nilijifunza kwamba mkilua hautaki miguu yake ikae majini, lakini hautaki pia ikauke. Nilijifunza kuwa wale wadudu weupe wanaojibandika chini ya majani kama unga hutoka kwa kitambaa na maji ya sabuni, na kwamba ukiwaacha wanaleta sisimizi, na sisimizi wakija wanaleta wadudu zaidi. Mavyaa alinifundisha kwa vidole. Nilimketisha kwenye kibao chini ya mti, akapapasa jani moja baada ya jengine, na akigusa kitu husema, "Hapa," nami nasafisha. Tulifanya hivyo asubuhi nyingi. Wateja wangu wakija kuchukua mabuibui yao wananikuta nina udongo kwenye kucha, na mmoja aliniuliza kama nimeacha ushoni nimekuwa mkulima.

Mume wangu alikuwa akinicheka. Aliniambia, "Wewe mtoto wa ghorofani, utakuja kulala huko uani." Lakini niliona kwamba akirudi kazini na yeye alipitia nyuma kwanza, na mara moja nilimkuta kainama ananong'ona na mti, sijui alikuwa anausomea nini.

Miaka michache ikapita hivyo, ukaja msimu wa kaskazi, upepo mkali, na mshelisheli ukawa umebeba. Siku hiyo nilikuwa nashona mkono wa buibui niliposikia kishindo uani. Nikatoka. Shelisheli lililoiva, kubwa kama kichwa cha mtu, lilikuwa limeanguka juu ya mkilua na kuvunja tawi la katikati, lile refu nililolipenda, ambalo kwa miaka yote nimekuwa nalipima kwa mwili wangu, kiunoni, kisha kifuani. Lilining'inia kwenye ganda lake tu. Nilikaa chini kwenye majani makavu, nikalia kwa sauti, na siku hizo sikuwa mtu wa kulia.

Mavyaa alinisikia. Alikuja peke yake, mkono mmoja ukutani, mpaka akanifikia.

"Nani kafa?"

"Mti, mama. Umevunjika."

Akaomba nimpeleke mkono wake pale palipovunjika. Akapapasa, akashuka chini mpaka kwenye shina, akapanda tena. Halafu akacheka, kicheko kidogo cha puani.

"Haujafa. Umekatwa kichwa tu. Sasa utatia mabega."

Nilidhani ananipoza roho. Tulilikata lile tawi vizuri kwa kisu, na mume wangu akapanda mshelisheli akaangua kila tunda lililokuwa juu ya mti wetu. Tulikula mashelisheli mpaka tukachoka, ya kukaanga, ya kuchemsha, ya nazi, na tukagawa majirani. Mvua za masika zilipokuja nikaona kwamba mavyaa alisema kweli. Mti ulitoa matawi pande zote, ukanenepa, ukafunika ule ukuta wa nyuma. Nilipomwelezea aliniuliza matawi mangapi, nikamwambia siwezi kuyahesabu. Niliona kwamba uso wake umeingia wasiwasi, na hapo ndipo nilipoanza kufahamu kwamba kila nilipokuwa nafurahi, yeye alikuwa anaogopa.

Kipupwe cha Unguja si baridi ya kutisha watu. Wageni wa hotelini hutembea na vifua wazi na kutucheka sisi tuliovaa masweta. Lakini kwetu ni baridi. Kusi linavuma, maji ya mfereji asubuhi yanauma vidole, na mavyaa alikuwa akijifunika kanga mbili na kuomba chai ya tangawizi mara kwa mara. Alishaniambia kwamba kwao kilua hufunga tumba wakati wa baridi, na hufunguka baridi inapolegea. Hakuniambia kwa kunipa matumaini. Lilimtoka tu katika mazungumzo ya zamani, alipokuwa ananihadithia jinsi bibi yake alivyokuwa akivichuma vilua na kuwanyima wajukuu.

Asubuhi moja ya baridi hiyo nilikuwa nasafisha majani upande wa chini, kitambaa mkononi, nikagusa kitu. Kilikuwa kidogo, kijani, kigumu, kinaning'inia kwenye kikonyo chembamba. Nilidhani ni yai la mdudu. Nikatazama pembeni yake, nikaona kingine, na kwenye tawi la pili vingine viwili. Kitambaa kikaniponyoka. Nikachukua simu, nikapiga picha, nikamtumia wifi yangu Makunduchi, bila ya neno hata moja.

Alinijibu kwa sauti, pumzi juu juu, nasikia na mlango wa jiko lake unagonga. "Hilo ni tumba. Wallahi hilo ni tumba. Usiliguse. Usimwambie mama. Hata kaka usimwambie, hana siri. Usiliguse, umenisikia?"

Kaka yake nilimwambia adhuhuri ile ile. Sikuweza kujizuia. Na yeye kweli hakuwa na siri, maana kufikia Ijumaa mtaa mzima ulijua. Waliijua nadhiri, wakaijua habari ya matumba. Mwanamke wa nyumba ya pili akawa anachungulia juu ya ukuta kila anapoanika nguo. Wazee wakitoka msikitini wanamshika mume wangu mkono na kumuuliza, "Vipi, limefunguka?" Mwenye genge ananiuliza huku ananipimia vitunguu. Mwalimu wa madrasa aliniuliza kupitia wanafunzi wake. Nilikuwa naona haya na wakati huo huo nilikuwa nacheka peke yangu njiani.

Shida ni kwamba mavyaa haoni lakini anasikia hata sisimizi akikohoa. Siku moja jirani alipita barazani akaniuliza kupitia dirishani kama limefunguka.

"Kitu gani kimefunguka?" mavyaa akauliza.

"Duka, mama," nikasema. "Lile la pale kona."

"Duka hilo halijafungwa tangu nilipokuja."

Nikakanyaga mashine kwa nguvu ili nisijibu.

Kusi lilizidi, na matumba mengine yakaanguka. Kila nililoliokota chini niliona kama mtu kanipiga. Nikatundika mkeka mkuukuu upande wa upepo, nikaufunga kwenye kamba ya nguo. Yakabaki machache, yakawa yananenepa polepole, na mimi nikawa sipati usingizi mzuri wala sishoni vizuri. Nilimshonea mteja buibui mikono yote miwili upande mmoja. Alilitazama, akanitazama, akaniuliza, "Bado?" Nikamwambia, "Bado." Akaliacha nikalirekebishe, hata hakukasirika.

Kisha baridi ikalegea. Siku yenyewe nilikuwa nashona, jua bado halijapanda sana, mavyaa yuko barazani na chai yake.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Nani kapita na kilua?"

Nikasimamisha mashine. "Hapajapita mtu."

"Kapita mtu. Nnakisikia."

Nilitoka nyuma nikiwa na sindano kifuani na utepe wa kupimia shingoni. Nilitazama mti juu, nikatazama pembeni. Majani tu. Nilitazama yale matumba niliyoyajua, nikayaona yamefunga kama jana. Nikadhani pengine mama kaota, au jirani kafungua sanduku lake. Halafu na mimi harufu ikanijia. Ilikuja, ikaondoka, ikarudi, tamu na nzito, na ndani yake mna kitu kikali kidogo kama karafuu mbichi. Nikapiga magoti. Sikuona. Nikalala chali kabisa juu ya majani makavu, nikatambaa mpaka chini ya matawi, nikatazama juu.

Lilikuwa pale. Kilua hakijioneshi kwa mtu aliyesimama, kinaning'inia chini kwa chini kimejificha. Hilo moja lilichipua mahali ambapo sikuwahi kuchungulia, karibu na shina, chini ya lile kovu la tawi lililovunjika. Lilikuwa nene kama ngozi, rangi yake baina ya kijani na manjano, na majani yake yameachana kidogo kama vidole vya mtu anayeanza kufungua kiganja. Nilicheka. Nilicheka nikiwa nimelala pale chini, machozi yananiingia masikioni, na kuku wakakimbia.

Sikulichuma. Nilikwenda kumshika mavyaa mkono, nikamleta. Nikamsaidia kupiga magoti, nikaanza kumwelekeza mkono, lakini aliusukuma wangu. Alitafuta kwa pua. Alisogeza uso wake taratibu kati ya majani, kushoto, kulia, mpaka akafika, akatulia. Alikaa hivyo muda mrefu hata nikaogopa magoti yake.

Aliporudi nyuma alisema, "Mimi nlisema ukitoa maua. Hili moja."

"Mama, ulisema ua. Nlikuwepo."

"Una hakika?"

"Nnayo hakika. Na mwanao alikuwepo, na wifi yangu alikuwepo."

Akajifuta pua na pindo la kanga. Nilitaka kuendelea kubishana, maneno nilikuwa nayo mengi, nimeyapanga tangu siku ya nadhiri. Lakini nilimtazama mikono, nikaona inakunja pindo la kanga, inalikunjua, inalikunja, kama siku ile ya nadhiri, nikayaacha.

"Wewe hujui," akasema. "Mimi sioni, lakini si giza. Nnaona mlango uko wapi kwa sababu una mwangaza. Nnaona mtu akipita, simjui nani, lakini nnajua kapita mtu. Sasa wakinitia kisu likaja giza tupu, ntakuwa nimeuza hicho kidogo nlichonacho. Umenifahamu?"

"Nimekufahamu."

"Watu wanadhani mimi naogopa maumivu. Nimezaa watoto saba nyumbani."

Nilimwambia tu nitakuwa pale. Nitamshika mkono mpaka mlango wa chumba, na watakapomtoa nitakuwa nimekaa pale pale.

"Utakuwepo wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Si wanangu, wewe. Wao watalia, wanipe hofu."

"Mimi pia ntalia, mama."

"Wewe unalia kwa miti tu," akasema. Akanyoosha mkono, akalipata ua bila ya kupapasa sana, akalichuma kwa ukucha. "Haya, mpigie simu mwanangu. Mpigie sasa hivi kabla sijabadilika."

Nilipiga. Mume wangu alikata simu kabla sijamaliza, akaja mwenyewe nyumbani, na nyuma yake nusu ya mtaa. Wanawake walijaa uani. Kila mmoja alitaka kuinama chini ya mti kuona palipotoka ua, na mavyaa alikaa katikati yao kwenye kibao, kilua kimo ndani ya ngumi yake, anampa kila mmoja anuse mara moja tu kisha anakirudisha.

Hospitali walimpangia siku mapema kuliko tulivyotegemea. Tulikaa kwenye benchi na watu wengine wenye macho yaliyozibwa au yanayongoja kuzibwa. Ua lilikuwa limefungwa kwenye pindo la kanga yake, sasa limegeuka manjano kabisa na harufu imekolea. Nikaona watu kwenye benchi wanaanza kugeuza vichwa. Mzee mmoja aliyefungwa macho yote mawili akauliza kwa upole, "Jamani, harusi iko wapi?" Mavyaa akacheka, na kicheko kile kikapita benchi nzima, hata muuguzi akatoka kutazama kuna nini. Mlangoni walimwambia hawezi kuingia na ua. Alifungua fundo mwenyewe, akanitia kiganjani.

"Usilinuse lote," akaniambia, na mlango ukafungwa.

Nilikaa pale pale. Nilikuwa na hofu kubwa, na nilipokwisha kusoma kila dua niliyoijua nikazianza upya.

Walimtoa na jicho moja limefunikwa. Tukarudi naye kesho yake kufunguliwa. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ndogo, alibandua plasta polepole na kumwambia afumbue taratibu. Mavyaa akafumbua. Akapepesa. Akaitazama dari, akautazama ukuta, kisha akanigeukia mimi, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Umenenepa," akasema.

Kisha akamtazama mwanawe aliyesimama mlangoni, na sauti yake ikawa nyengine. "Na wewe umeingia mvi, baba. Toka lini?" Mume wangu akainama akampa kichwa, naye akawa anazitazama zile nywele nyeupe, anazigusa moja moja, mpaka daktari akatoka nje kutuacha.

Nyumbani hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja nyuma, bila ya kushika ukuta, nami nikamfuata nikiwa na furaha ya mtu anayekwenda kuonesha kazi yake. Aliuzunguka mkilua. Aliinua jani, akalitazama chini yake.

"Wadudu hawa hukuwaona?"

"Wapi, mama?"

"Hapa. Na hapa. Na nani kauacha ukaegemea ukuta namna hii? Utapinda."

Nilisimama na mdomo wazi. Akanitazama, akaona uso wangu, akaweka mkono wake begani kwangu, akauacha hapo.

"Ni mzuri," akasema. "Sikudhani utakuwa mzuri hivi. Mimi niliuleta nikijua utakufa."

Jicho la pili alikwenda kulifanya yeye mwenyewe akituharakisha. Baada ya hapo hakukalika naye. Alitaka kuona kila kitu. Tukimpeleka mjini anasoma kila bango la njiani kwa sauti, la simu, la rangi, la mashindano ya mpira, mpaka dereva anacheka. Alifungua msahafu wake, ambao kwa miaka alikuwa akisoma kwa moyo tu, na asubuhi nikawa nashona nikisikiliza anavyogeuza kurasa. Alinitungia uzi kwenye sindano ili tu kunionesha kwamba anaweza. Na siku moja, baada ya masika, alitangaza kwamba anarudi kwake Makunduchi. Ana nyumba yake, ana minazi yake, na sasa anaona njia. Nilidhani nitafurahi kupata baraza langu tena. Wiki ya kwanza nilikuwa nasimamisha mashine na kungoja niitwe.

Mkilua kauacha kwangu. Nilimuuliza kama hataki kuuchukua, akaniambia mti haubebwi mara mbili, na tena kwake iko mingine. Kipupwe hiki umefunga matumba kila tawi, na majirani wameshaanza kuweka zamu zao. Binti wa nyumba ya pili anaolewa, na mama yake kashaniletea sahani ya maandazi mara kadhaa bila ya sababu yoyote. Nimepanda na mbegu kwenye makopo, kando ya jiko, zimechipua mbili. Nimegundua pia kwamba nimekuwa mtu wa kusimama kwenye viwanja vya watu, Mtoni, Mwanakwerekwe, popote ninapopeleka nguo, na kuwauliza wenye nyumba huo mti wa harufu waliupata wapi na wanautilia nini.

Leo asubuhi baridi imelegea. Nimelala chali chini ya matawi kama ilivyo ada yangu, na nimeliona tumba moja limeanza kuachana majani. Nimempigia. Aliitikia kabla simu haijalia mara ya pili, na kabla sijasema kitu akaniuliza mangapi. Nikamwambia moja, lakini mengine yako njiani. Kasema nisichume, anakuja na gari la kwanza, na niweke chai.